Mpira wa Raketi: Asili ya Tenisi na Njia Yake Hadi Milimani Kwetu

Katika vijitabu vya shirika letu tumezoea kusoma juu ya mahari, juu ya mavuno, juu ya kyaghanda pale wazee walipokuwa wakikata maneno ya kijiji. Msomaji atauliza: sasa tenisi imeingiaje humu? Swali lake ni la haki. Tenisi haikuzaliwa Bunande, na mtu akitembea leo kutoka Masereka hadi Lubero atakuta viwanja vya futboli karibu na kila shule na kila kanisa, lakini wavu wa tenisi atautafuta sana. Hata hivyo tunaona kwamba historia ya watu haina tu mambo waliyorithi kwa babu zao. Ina pia mambo ambayo babu zao waliyaona yakifanywa mbele ya macho yao, wakakatazwa kuyagusa. Tenisi ni moja ya mambo hayo, na ndiyo maana tumeomba nafasi ya kuieleza hapa.

Tena kuna neno linalotufunga na mchezo huu kuliko tunavyofikiri. Neno hilo ni mpira. Sisi tunalitumia kwa mambo mengi: mwenye pikipiki akisema mpira umepasuka, ni gurudumu, mtoto akisema anaenda mpira, ni futboli, na mama akiomba mpira wa maji, ni ule wa kuvutia maji kwenye bomba. Lakini maana ya kwanza ya neno ni ule utomvu mweupe unaotoka kwenye mti au kwenye kamba za porini, unaokauka na kuwa kitu kinachovutika na kuruka. Bila utomvu ule hakuna tenisi ya leo. Na tutaona kwamba utomvu ule ule umeandika kurasa nyeusi katika historia ya nchi yetu.

Tuanze mbali kidogo. Mama wa tenisi ni mchezo wa Ufaransa ulioitwa jeu de paume, maana yake mchezo wa kiganja. Tangu karne ya 12 watu walikuwa wakipiga kimpira kwa kiganja cha mkono ndani ya nyua za nyumba za watawa, kikigonga ukuta na kurudi. Baadaye wakavaa glavu, kisha wakashika kibao, na mwishoni raketi yenye nyuzi za utumbo wa mnyama. Wafalme wakaupenda, wakajengewa kumbi za kuchezea. Mchezaji alipotaka kurusha mpira alimwambia mwenzake "tenez", yaani shika, pokea, na wengi wanaona kwamba jina tenisi limetoka katika neno hilo. Waliosoma historia ya Ufaransa kwa sekondari wanakumbuka kiapo cha tarehe 20 Juni 1789 kule Versailles, wakati wajumbe wa watu walipokuta mlango wa ukumbi wao umefungwa, wakaenda kuapa katika ukumbi mwingine wa karibu. Ukumbi ule ulikuwa wa jeu de paume. Kwa hiyo mapinduzi makubwa ya Ufaransa yalipita ndani ya kiwanja cha mama wa tenisi. Wanafunzi wetu wanakariri kiapo kile kila mwaka, lakini mara chache wanaambiwa watu walikuwa wanafanya nini ndani ya ukumbi ule siku nyingine.

Kutoka huko pia tumepata ile hesabu ya ajabu: 15, 30, 40. Hapa darasani swali ni moja kila mara: "Mwalimu, juu ya nini si 45?" Na mtoto anayeuliza ana akili. Zamani ilikuwa 45 kweli. Katika karne ya 15 Wafaransa walikuwa tayari wanahesabu kwa kumi na tano kumi na tano, na wengi wanaieleza kwa uso wa saa uliogawanywa mara nne. Baadaye ulimi ukachoka, 45 ikakatwa ikawa 40. Ni hivyo tu. Lugha zote zinafanya hivyo, hata ya kwetu inameza silabi mtu akiwa na haraka sokoni.

Mpira wa wakati ule ulikuwa wa nguo na nywele zilizofungwa pamoja. Ulifaa kwenye sakafu ngumu ya ukumbi, lakini ukiupiga chini juu ya nyasi unalala hapo hapo. Kwa hiyo mchezo ulibaki ndani ya nyumba, na nyumba zilikuwa za wakubwa. Kilichoutoa nje ni mpira wenyewe, yaani ule utomvu. Mwaka 1844 Mmarekani Charles Goodyear alipata hati ya serikali juu ya namna ya kupika mpira pamoja na salfa, ili usiyeyuke kwa jua wala usipasuke kwa baridi. Miaka 30 baadaye, Februari 1874, afisa wa jeshi la Uingereza aitwaye Walter Clopton Wingfield aliandikisha mchezo wake wa kuchezea juu ya nyasi. Aliuuza ndani ya sanduku: miti ya wavu, wavu wenyewe, raketi na mipira ya mpira iliyo tupu ndani. Bei yake ilikuwa gini 5, ambazo mfanyakazi wa kawaida wa Uingereza hakuweza kuzitoa. Wingfield hakuwa peke yake. Huko Leamington bwana Harry Gem na rafiki yake Augurio Perera walikuwa na kundi lao tangu 1872. Lakini sanduku ndilo lililosambaa, kwa sababu sanduku linapanda meli. Afisa aliyetumwa ng'ambo aliweza kulibeba pamoja na kitanda chake cha safari.

Mwaka 1877 klabu moja ya Wimbledon, karibu na London, iliitisha mashindano ya kwanza. Klabu ile ilikuwa ya mchezo mwingine, kroketi, na shida yao ilikuwa ya feza: roli yao ya kusawazisha nyasi, ile inayovutwa na farasi, ilikuwa imeharibika. Wakafanya mashindano ili kupata pesa za kuitengeneza. Walijiandikisha wanaume 22, akashinda Spencer Gore. Tunapenda kusimulia jambo hili kwa wale wanaodhani kwamba mambo makubwa yanaanza kwa makubwa. Ni kama kermesi ya parokia ya kutafuta mabati.

Sasa turudi kwenye utomvu. Wakati Wingfield anauza masanduku yake, sehemu kubwa ya mpira wa dunia ilitoka Brazili. Lakini katika miaka ile ile ya 1870 na 1880, watu wa pwani ya Waswahili walikuwa tayari wanakata kamba za mpira porini na kuzipeleka soko la Zanzibar. Aina moja ya kamba hizo imebeba hata leo jina la John Kirk, balozi wa Uingereza kule Zanzibar: Landolphia kirkii. Basi neno letu mpira lilikuwa neno la biashara kabla ya kuwa neno la michezo.

Kisha ikaja zamu ya Kongo. Mwaka 1885 mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji akajipatia nchi hii kuwa mali yake mwenyewe, na kuanzia 1891 na 1892 Bula Matari akasema kwamba ardhi isiyolimwa na mazao yake yote ni ya Serikali. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop alikuwa ametengeneza gurudumu la upepo, na viwanda vya Ulaya vikawa na njaa ya mpira isiyoshiba. Yaliyofuata yanajulikana: kodi ya mpira, wanawake kushikwa mateka hadi waume warudi na vikapu, mikono kukatwa, vijiji kuchomwa. Milima yetu ya baridi haina kamba nyingi za mpira, hivyo mzigo mkubwa uliwaangukia ndugu zetu wa misitu ya chini, hasa upande wa Ekwateri. Tusiseme kwamba mateso yale yalikuwa juu ya mipira ya tenisi; yalikuwa kwanza juu ya magurudumu. Lakini tuangalie mwaka 1904. Mwezi Februari ripoti ya balozi Roger Casement juu ya mpira wa Kongo ilichapishwa kule London, na watu wa Ulaya wakaanza kushtuka. Miezi michache baadaye, mjini humo humo, ekipe ya Ubelgiji ilicheza fainali ya kombe kubwa la mataifa, Kombe la Davis, dhidi ya Waingereza, ikashindwa 5 kwa 0. Mabwana wawili waliocheza kwa jina la Ubelgiji walivaa nguo nyeupe toka shingoni hadi miguuni. Hatuna la kuwashtaki wao. Tunataka tu msomaji aweke kurasa hizo mbili pamoja, kwa sababu vitabu vya michezo vinaonyesha moja na vitabu vya historia vinaonyesha nyingine.

Kabla hatujafika kwetu, tueleze mchezo wenyewe kwa wasioujua. Kiwanja kina urefu wa mita 23.77. Upana ni mita 8.23 kwa watu wawili, na mita 10.97 wakicheza wanne. Katikati kuna wavu wenye urefu wa sentimita 91 pale kati na mita 1.07 kwenye miti. Mmoja anaanzisha mpira kutoka nyuma ya mstari wake, akiupeleka kwa mshazari ndani ya kisanduku cha upande wa pili. Amepewa nafasi mbili. Kisha wanapigana nao hadi mmoja aupeleke nje, au kwenye wavu, au auache udunde mara mbili. Pointi nne zinatoa gemu moja, lakini wakifika 40 kwa 40 inabidi mmoja atangulie kwa mbili. Gemu sita zinatoa seti, nayo pia kwa tofauti ya mbili. Hakuna saa. Futboli inaisha hata kama umelala; tenisi haiishi hadi mmoja achukue pointi ya mwisho kwa mkono wake. Mtu anayeongoza anaweza kushindwa, na aliye nyuma hajafa bado. Wanafunzi wanaipenda sana sheria hii tunapowaeleza.

Kuna jambo moja la kisayansi linalotuhusu sisi wa milimani. Mpira wa tenisi ni vipande viwili vya mpira vilivyogundishwa, ndani mna hewa iliyoshindiliwa, na juu yake kuna kitambaa cha manyoya. Una uzito kati ya gramu 56 na 59.4. Rangi ya manjano ilikubaliwa mwaka 1972 ili uonekane kwenye televizio. Zamani ulikuwa mweupe. Sasa, ukipanda mlima, hewa ya nje inakuwa nyepesi. Mpira unakutana na kizuizi kidogo unapopita hewani, na hewa iliyo ndani inausukuma zaidi, hivyo unakwenda mbio na kuruka juu kuliko kawaida. Ndiyo maana sheria za kimataifa zina mipira ya pekee kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219. Sisi tunaokaa juu ya milima ya Lubero tumepita kipimo hicho kwa mbali. Mtu aliyezoea kucheza Kinshasa akifika hapa na mipira yake, wiki ya kwanza ataipeleka yote kwenye viazi vya jirani.

Je, mchezo ulifikaje Kongo? Ulifika katika mizigo ya Wazungu wa serikali, wa makampuni na wa mashamba. Upande wetu, Halmashauri ya Taifa ya Kivu, ile CNKi, ilianza mwaka 1928 kugawa ardhi kwa walowezi; mwaka huo huo kampuni ya madini MGL iliweka kambi Butembo. Mapadri Waasumpsio walifika 1929, wakikuta kazi iliyoanzishwa na mapadri wa Moyo Mtakatifu kule Beni tangu 1906. Milima ya Lubero iliwapendeza walowezi juu ya baridi yake: walilima ngano, mboga, pareto. Na popote Wazungu wa Kongo ya Kibelji walipokuwa wengi kidogo, walijenga serkle, nyumba yao ya kukutania jioni, na kando ya serkle mara nyingi walisawazisha kiwanja cha tenisi. Serkle haikuwa ya mtu mweusi. Kule Léopoldville mpango ulikuwa wazi kwenye ramani: kati ya mji wa Wazungu na site ya Waafrika waliacha ukanda usio na nyumba, na ndani ya ukanda huo wakaweka uwanja wa golfu na bustani ya wanyama. Yaani mchezo wenyewe ulikuwa ukuta.

Futboli ilipita njia tofauti kabisa. Mwaka 1919 padri Raphaël de la Kethulle, yule Tata Raphaël, alianzisha shirika la michezo la Wakongomani kule Léopoldville, na baadaye akajenga viwanja ambavyo mpaka leo vinatumika. Wamisionari waliona kwamba futboli inawashika vijana siku ya Mungu, inawafundisha kutii filimbi, na mpira mmoja unatosha watu 22. Lubumbashi, ekipe iliyozaliwa mwaka 1939 chini ya Wabenedikto ikaja kujulikana dunia nzima kama Tout Puissant Englebert, leo Mazembe. Na Englebert lilikuwa jina la kiwanda cha Ubelgiji cha magurudumu. Unaona? Mpira tena! Ekipe hiyo ikachukua kombe la klabu za Afrika mara mbili, 1967 na 1968.

Basi futboli tulipewa, tenisi tulionyeshwa. Lakini kati ya watu walioonyeshwa walikuwamo wengine waliokuwa karibu kuliko wengine: watoto wa kuokota mipira. Mpira ulipotoka nje ya uzio, Mzungu hakuukimbilia yeye. Mtoto aliukimbilia, akaurudisha, akasimama tena pembeni. Saa mbili, saa tatu, anatazama. Anajua mkono unavyozunguka, anajua hesabu kwa Kifaransa kabla ya kujua kuandika jina lake. Wenyewe wakienda kunywa, anapima kidogo kwa kibao. Hivi ndivyo mchezo ulivyoingia kwa Waafrika katika nchi nyingi, kwa mlango wa nyuma, kama vile mapishi ya Kizungu yalivyoingia kwa boyi wa jikoni. Hatuoni aibu yoyote katika kusema hivyo. Aliyeokota ndiye aliyejifunza.

Nduka Odizor wa Nijeria alianza kwa kuokota mipira Lagos. Mwaka 1983 kule Wimbledon akamtoa Guillermo Vilas, mmoja wa wakubwa wa wakati ule. Na ili tusidhani kwamba ni jambo la Waafrika tu: Roger Federer, ambaye wanafunzi wetu wote wanamjua kwa jina, alikuwa mwokota mipira katika mashindano ya mji wake wa Basel kule Uswisi.

Uzio haukuwa wa Kongo peke yake. Kule Marekani mtu mweusi hakuingia mashindano makubwa ya taifa hadi 1950, alipokubaliwa Althea Gibson, binti aliyekulia Harlem. Mwaka 1956 alishinda Ufaransa, na 1957 alipokea sahani ya Wimbledon mikononi mwa malkia Elizabeth. Baada yake akaja Arthur Ashe wa Richmond. Baba yake alikuwa mlinzi wa bustani ya michezo ya watu weusi, familia ikakaa ndani ya bustani ile, kwa hiyo viwanja vya tenisi vilikuwa mlangoni pake. Tunasisitiza neno mlangoni. Ashe alishinda mashindano ya Marekani 1968 na Wimbledon 1975.

Mwaka 1971 huyo Ashe alipita Yaoundé, Kameruni, akaonyeshwa mtoto wa miaka 11 anayepiga mpira kwa nguvu isiyo ya umri wake. Jina lake Yannick Noah. Baba yake, Zacharie, alikuwa mchezaji wa futboli aliyeshinda kombe la Ufaransa na ekipe ya Sedan mwaka 1961; mama ni Mfaransa. Ashe akazungumza na wakubwa wa tenisi ya Ufaransa, mtoto akapelekwa Nice kujifunza. Tarehe 5 Juni 1983, kwa raketi ya mbao, Noah alimshinda Mats Wilander kwenye fainali ya Roland Garros, seti tatu kwa sufuri. Tangu siku ile hadi tunapoandika haya hakuna Mfaransa mwingine mwanamume aliyeshinda pale. Mmoja wa waliokaribia kushinda kombe kubwa namna hiyo ni Jo-Wilfried Tsonga, aliyefika fainali ya Australia mwaka 2008. Naye baba yake anatoka ng'ambo ya mto wetu, Kongo-Brazzaville. Na upande wa Ubelgiji, wale waliotuonyesha mchezo, walingoja hadi 2003 kuona fainali ya Roland Garros ya Wabelgiji wawili, Justine Henin na Kim Clijsters, wote wawili wanawake. Henin ndiye aliyeshinda.

Karibu yetu mambo yanasogea pia. Angella Okutoyi wa Kenya, aliyelelewa na bibi yake jijini Nairobi, alishinda Wimbledon ya wasichana kwa watu wanne mwaka 2022, akicheza pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Mwaka 2024 wachezaji wa kulipwa wa nchi nyingi walikuja Kigali kwa mashindano ya kimataifa. Ni safari ya basi kutoka Goma, amani ikiwapo.

Tuje Masereka. Katika mikutano yetu tumesikia mara nyingi maneno mawili juu ya jambo hili. La kwanza: "Ule ni mchezo wa bazungu." La pili: "Udongo ni wa maharagi." Kwa la kwanza tumekwisha kujibu kwa historia: utomvu haukuwa wa Wazungu, na waliookota mipira hawakuwa Wazungu. La pili ni zito, wala hatutaki kulipita kwa utani. Kiwanja kamili pamoja na nafasi ya kukimbilia nyuma kinataka mita 36.57 kwa 18.29, yaani karibu mita za mraba 670 za ardhi tambarare. Milimani kwetu tambarare ni mali. Familia zinagawana mashamba madogo, na kila mwaka kesi za mipaka zinajaza meza ya chifu. Kumwambia mama aliye na watoto wanane kwamba kipande kile kitapigwa roli ili watu wawili wapigiane mpira, ni tusi. Walowezi waliweza kwa sababu ardhi hawakuinunua kwa jasho lao.

Udongo wenyewe hautushindi. Viwanja vyekundu vya Ulaya vilianza karibu 1880 kule Cannes, ndugu wawili Waingereza wa jina la Renshaw walipomwaga unga wa vyungu vilivyosagwa juu ya nyasi zilizokuwa zinakauka kwa jua. Leo ni vumbi la matofali. Ni nani atakosa vumbi la matofali kati ya hapa na Butembo, penye tanuru karibu kila bonde? Kinachokosekana ni mipira, ambayo ikifunguliwa kwenye kopo lake inapoteza hewa na kufa baada ya muda mfupi. Ipo mipira isiyo na hewa ya kushindiliwa, inayodumu zaidi, na hiyo ndiyo inayofaa shule maskini. Raketi si lazima iwe ya dukani: seremala anaweza kuchonga kibao kama kile cha Ufaransa ya zamani.

Sisi tunaona kwamba tuanze pale watawa walipoanzia, kwenye ukuta. Ukuta hauli shamba la mtu. Na kuna sababu nyingine, ambayo mwalimu yeyote wa eneo hili anaijua. Tangu mauaji ya Beni yalipoanza 2014, na zaidi tangu vita ilipopanda Lubero ya kusini mwaka 2024, madarasa yetu yamepokea watoto waliokimbia. Mtoto mgeni anakuta ekipe ya futboli imekwisha kujaa: kipa yuko, mshambuliaji yuko, na kapteni ni mtoto wa hapa. Anasimama pembeni, kama mwokota mipira. Ukutani hakuna ekipe. Anahitaji kibao kimoja na mwenzake mmoja, na hata huyo mwenzake si lazima siku ya kwanza.

Katika shule moja ya hapa wamepiga mstari wa chokaa kwenye ukuta wa nyuma wa darasa la sita, sentimita 91 kutoka chini, urefu wa wavu. Seremala alitoa vibao vinne. Mipira ilikuwa miwili, mmoja umekufa kabisa. Chokaa ilikuwa bado mbichi watoto walipoanza, na kwa siku kadhaa kila mpira uliogonga mstari ulirudi na alama nyeupe, hivi kwamba hawakuhitaji mwamuzi.